Mnara, Farasi na Sufuria ya Maharage

Maharage yanayochemka yana harufu mbili, na aliyelelewa na mwanamume asiyejua kupika anazijua zote. Ya kwanza ni ya maji yaliyokwisha kuwa mekundu, harufu ya udongo na maganda, inayokuambia kwamba njaa yako ikae kando kwanza. Ya pili huja baadaye sana, nzito na tamu, na hiyo ndiyo ya kuiva. Kati ya harufu hizo mbili ndimo ulimokaa utoto wangu, au tuseme kipande chake ninachokikumbuka kuliko vingine: msimu mmoja wa Kilibula, mjini Uvira, mimi na baba yangu tukiwa wawili tu uani kwa watu, jiko la makaa, lile tunaloliita mbabula, likiwaka kati ya mlango na ukuta, ziwa likigongagonga kule chini, na ubao wa sataranji umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa na miaka kumi, na kila jioni nilikuwa na njaa.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Mikono yake ilinuka mbao mbichi na lami hata siku ya Jumapili akiwa amevaa koti la kanisani, na Mama alikuwa akimwambia kwamba hata malaika watamtambua kwa pua. Sataranji alijifunza ujanani, alipokuwa akifanya kazi kwa fundi mmoja wa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, na aliporudi alijichongea seti yake mwenyewe kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Weupe aliwaacha na rangi ya mti, weusi akawapaka lami ile ile ya kuzibia mitumbwi, kwa hiyo ukimshika mfalme mweusi vidole vyako vilinuka mtumbwi mpaka kesho yake. Alikuwa na methali moja aliyoipenda kupita kiasi, "ukiona vyaelea, vimeundwa," na aliitoa mtumbwi mpya ulipogusa maji, na aliitoa tena alipomshinda mtu kwenye ubao. Wavuvi waliokuwa wakisubiri mitumbwi yao walicheza naye pale ufukweni, wakashindwa, wakaisikia methali, wakaondoka wamenuna.

Kisha yakaja maji. Ziwa lilipanda mwaka ule kama mgeni asiyebisha hodi, likakuta mto umejaa, na asubuhi moja tuliamka vitanda vyetu vikiwa ndani ya maji. Ubao wa sataranji ulielea, maana ulikuwa ubao wa mtumbwi, lakini kopo la vipande lilipinduka na vipande vikaenda na njia yao. Namwona Baba mpaka leo, amepiga magoti kwenye tope jeusi, mkono wote umeingia mvunguni, anapapasa. Mama alisimama mlangoni, mtoto mchanga mgongoni na mdogo wangu Amani kiunoni, godoro letu limelowa mbele yake, akapaaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Watoto hawana pa kulala, weye iko unatafuta farasi!" Baba akajibu bila kuinua kichwa: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Mama, hata katika msiba ule, alishindwa kujizuia, akacheka. Baba alitoa vinne tu: wafalme wawili, mnara mmoja mweupe, na farasi mmoja mweusi. Vilivyobaki nadhani viko chini ya ziwa, vimekaa na samaki.

Nyumba ilianguka upande mmoja wiki hiyo hiyo. Ndugu za Mama wako Lubarika, kule bondeni Ruzizi, wanalima mpunga na mihogo, na iliamuliwa kwamba yeye na wadogo zangu waende huko mpaka Baba apate kujenga upya. Mimi nilibakishwa. Mama alinivuta pembeni siku ya kuondoka, akanifunga kitambaa kichwani kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akasema: "Nabintu, weye utabaki na papa. Masomo iendelee, na piya papa asibakie peke yake." Niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Gari iliyowachukua ilipokata kona nilikimbilia chooni nikalia mpaka pua ikaziba, kisha nikanawa nikarudi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kazi yangu ni kukaa na Baba, na sikuona mtu anakaaje na mwenziwe huku analia.

Tulipanga chumba kimoja, bado huko huko Kilibula, uani kwa Mama Furaha, mjane muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambaye hakuwa na jambo lisilomhusu. Ndagala zake zilianikwa juu ya chandarua kikuukuu mbele ya mlango wetu, na aliwafukuza kuku na kutoa maoni kwa pumzi moja. Kupika kwa Baba kulimfurahisha mno. "Banaume ba Kilibula banapikaka sasa?" aliita majirani waje waone. Sataranji yetu ya vipande vinne ndiyo ilimkera. "Weye ni fundi," alimwambia Baba, "unachonga mitumbwi ya watu kumi, unashindwa kuchonga tudude tudogo twa kuchezea?" Baba akanyoosha mgongo, akasema atachonga vilivyobaki siku sisi sote tutakapokaa chini ya bati moja. Si kabla. Nilimwomba hata tutumie vifuniko vya chupa kuwa askari, kama watoto wengine walivyofanya kwenye mchezo wa dame, akakataa. Alisema asiyekuwepo hawekewi kifuniko mahali pake. Alikuwa mkaidi, Baba yangu, mkaidi wa kupindukia, na mimi nimemrithi.

Kwa hiyo tukacheza tulichokuwa nacho. Yeye mfalme mweupe na mnara, mimi mfalme mweusi na farasi. Kwa asiyejua: mnara huenda moja kwa moja, mbele, nyuma au kando, hata ubao mzima kwa hatua moja. Farasi huruka kwa kupinda, nyumba mbili za ubao kisha moja kando, na safari fupi kwa wengine kwake inaweza kuwa ya kuzunguka sana. Mwenye mnara ana nguvu zaidi na anatafuta kushinda. Mwenye farasi hatafuti kushinda, hawezi, anatafuta kutokufa. Baba alinieleza kwamba wakubwa wanaocheza mashindano huhesabu hatua, na zikifika idadi fulani bila kipande kuliwa, basi ni sare. Sisi tutahesabu kwa maharage, alisema. Mchezo unaanza sufuria inapopanda juu ya mbabula. Sufuria ikishuka na farasi yu hai, ni sare, na sare kwangu ni ushindi.

Sheria hiyo ingekuwa nzuri kama si maharage ya Baba. Mwanamume hajui kununua maharage. Mama alikuwa akiyang'ata sokoni mbele ya muuzaji, akisikia yamekauka anayarudisha na neno juu. Baba alinunua kwa macho, akichagua yanayong'aa, na yanayong'aa ndiyo yaliyokaa ghalani tangu mavuno ya zamani, magumu kama changarawe. Tena alitia chumvi mwanzoni, kosa ambalo Mama Furaha alikuwa akiliombolezea kwa sauti kila jioni. Sufuria yetu ilikaa motoni mpaka wavuvi wakashuka kwenda ziwani, mpaka tumbo langu likaanza kusema peke yake, na muda huo wote mnara mweupe ulikuwa ukimwinda farasi wangu. Nilishindwa jioni ya kwanza, nikashindwa ya pili, nikaendelea kushindwa mpaka nikazoea, na kila niliposhindwa nilisikia habari za vinavyoelea.

Nilimkumbuka Mama vibaya sana. Nasema vibaya kwa sababu haikuwa kumbukumbu nzuri ya kutabasamu. Ilikuwa kama jino linalouma. Mchana shuleni niliisahau, ikarudi jioni nilipoona watoto wa jirani wanaitwa kuoga. Hakuna aliyeniita kuoga. Baba aliniachia ndoo ya maji na heshima zote, kama mpangaji mwenzake. Hakuwa mkali, hakuwa baridi. Hakujua tu mtoto wa kike anaambiwa nini jioni. Jioni moja nikasema, macho yangu yakiwa kwenye ubao: "Papa, nataka kwenda kwa mama." Akauliza masomo je. Nikamwambia Lubarika nako kuko masomo. "Kuko," akakubali, akasogeza mnara. Alikuwa ameshawaambia ndugu za Mama, na Mama Furaha, na kila aliyemsikiliza pale ufukweni, kwamba mtoto wake mkubwa atasoma mjini, hata yeye ale lami. Mwishowe akasema: "Sikia. Siku farasi yako itashika bila kuliwa mpaka sufuria ishuke, utaenda."

Tangu hapo sikucheza tena kwa kupitisha muda. Nilicheza kwa ajili ya Mama. Nilikwenda shuleni na ubao akilini, nikarudi nao, na Baba, ambaye angeweza kunyamaza akajihakikishia ushindi, alinifundisha namna ya kumzuia. "Farasi ikikaa karibu na mfalme yake, mnara haiwezi kitu," alisema, akinionyesha kwa kidole chake kilichokwaruzwa na tezo. "Ikienda mbali, imekufa. Hata kama haijaliwa, imekufa." Nilielewa kwa kichwa. Kwa mkono sikuelewa. Maharage yale yalichelewa, mimi nikachoka kulinda, nikaona nafasi ya kumtisha mfalme wake, nikaruka. Farasi wangu alikuwa na tamaa kama mimi. Akishafika kule mbali alikuta kila mahali anapotaka kukanyaga mnara umeshapaangalia, na mfalme wake mwenyewe yuko upande wa pili wa ubao, hawezi kumfikia. Ili niruhusiwe kwenda mbali, ilinibidi nijifunze kutokwenda mbali, na kwa mtoto wa miaka kumi huo ni mtihani.

Mama Furaha aliona hali yangu, na bila kuujua mchezo alijua palipo na ufunguo. Siku moja Baba akiwa ufukweni aliniita, akanipa kipande cha magadi kilichofungwa kwenye karatasi. "Tia kidogo mu sufuria," alininong'oneza, "maharage italainika mbio mbio, papa yako hatakuwa na nafasi ya kukukamata." Sikuwa nimekificha vizuri, Baba alipoingia akakiona mkononi mwangu. Hakunigombeza. Alikichukua, akakiweka juu ya dirisha, akatangaza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ukuta: "Mu nyumba yangu magadi haiingie! Ni kama kula sabuni." Na kweli alikuwa akichukia magadi kupita chakula chochote. Nyumbani kwa wakwe zake Lubarika walitia magadi kwenye kila kitu, na kila Krismasi tuliyokwenda huko alirudi amekonda, Mama akimcheka njia nzima. Kipande kile kilibaki dirishani, kinapata vumbi.

Zikapita wiki. Siku moja nilirudi kutoka kuchota maji, mvua imetoka kunyesha, uani kunanuka udongo na ndagala zilizolowa, nikakuta Baba ameshapandisha sufuria na kupanga vipande. Nilikaa. Nilicheza kama sijawahi kucheza. Farasi alirudi haraka kando ya mfalme wake na hakuondoka. Mnara ulipokuja huku, walisogea kule pamoja. Mfalme mweupe alipokaribia, waligeuka pamoja. Mama Furaha alifukuza kuku, akatoa maoni, akachoka, akaingia ndani. Harufu ya kwanza ilikuwepo. Niliinusa kwa hasira, nikiomba ya pili ije. Na hapo, nikiwa nimeshika kila kitu sawasawa, nikaona mfalme wa Baba amesimama vibaya, nafasi ile ile ya kijinga ninayoipenda, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Farasi akaruka, mfalme mweupe akatishika. Baba akamsogeza hatua moja tu. Nikaangalia ubao. Farasi wangu alikuwa ukingoni, peke yake, na sikuhitaji kuambiwa. Nilisikia masikio yangu yanapata moto.

Mkono wa Baba ulikuwa juu ya mnara. Alikuwa ameshaugusa. Lakini hakuwa akiangalia ubao, alikuwa akiangalia mbabula. Aliondoa mkono, akainuka, magoti yakalia, akafunua sufuria, akachota harage moja na kulibonyeza kati ya vidole viwili. Mvuke ulimfunika uso. "Imeiva," alisema. Akashika sufuria kwa kitambaa, akaishusha chini kabisa, pale palipo na jiwe, akarudi akasimama mbele yangu. "Sare." Nilimtazama nisiamini, kisha nikaruka juu, nikapiga kelele, nikazunguka uani nikikanyaga ndagala za watu. Mama Furaha akatoka mbio na kijiko mkononi: "Aï! Kuna nini?" Nikamwambia ninaenda Lubarika, ninaenda kwa mama, nimeshika, nimeshika! Naye akashangilia nami, akimtazama Baba kwa pembe ya jicho, na safari hiyo hakutoa maoni yoyote.

Tukala. Jua lilikuwa bado halijazama, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa maharage ya Baba. Yalikuwa meusi zaidi ya siku zote, laini mno, yanateleza, na tonge la kwanza lilipogusa ulimi wangu nikasikia ile ladha ya sabuni. Nikainua macho dirishani. Pale palipokuwa na karatasi palibaki alama safi kwenye vumbi. Nikamtazama Baba. Alikuwa akila kwa bidii, kichwa chini, tonge baada ya tonge, kama mtu anayemeza dawa, na alimaliza sahani yake yote. Alikuwa ameamua kabla sijarudi na maji. Kabla sijasogeza kipande chochote, vizuri au vibaya, mimi nilikuwa nimeshapewa ruhusa. Alichoshindwa ni kuitamka tu, baada ya kuapa mbele ya watu wote wale, basi akaiachia sufuria imsemee. Nikasema, "Papa..." Akasema, "Kula, Nabi." Nikala. Nilimpenda siku ile mpaka nikaogopa, na bado nilitaka kwenda, na nilikwenda.

Asubuhi ya safari alinipa kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na mfalme mweusi na farasi. "Usizitenganishe," alisema. Yeye akabaki na mfalme mweupe, mnara na ubao. Nilipanda pikipiki mbele ya begi langu, nikageuka barabarani kumpungia, nikamwona amesimama katikati ya ndagala za Mama Furaha, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau alikuwa akienda kuchukua nini. Mama alinipokea Lubarika kwa vigelegele, akanifungua kitambaa, akanisuka upya, jioni akaniita kuoga. Wiki nzima nilikuwa mtoto kweli kweli. Halafu usiku mmoja nililala nikisikiliza vyura wa mashamba ya mpunga nikagundua kwamba ziwa halisikiki, nikaanza kuwaza nani anamfunulia Baba sufuria. Niliyemfuata nilimpata, na niliyemwacha akaanza kuniuma mahali pale pale. Wahenga walisema utengano ni udhaifu. Hawakusema kwamba ukitenganishwa na wawili, hata ukienda kwa mmoja bado umetengana.

Tulianza kucheza kwa simu. Jumapili baada ya misa Mama alinipa simu yake, nikapanda kwenye tuta la mfereji wa mpunga, mahali pekee penye mtandao wa kutosha, na katoni ya sabuni niliyoichora nyumba za sataranji kwa makaa. Juu ya katoni yangu palikuwa na mfalme mweusi na farasi tu. Juu ya ubao wake kule Kilibula palikuwa na mfalme mweupe na mnara tu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya mchezo, nusu nyingine alitakiwa kuikumbuka. Aliniambia mnara umekwenda wapi, nami nikauona pale ambapo hapakuwa na kitu. Nilimwuliza kwanza kabisa, "Sufuria iko motoni?" na yeye akajibu, "Iko," akaipelekea simu nisikie. Ilikuwa sufuria ndogo, ya mtu mmoja, nilijua kwa namna ilivyochemka. Mara nyingi salio liliisha kabla ya maharage, tukakubaliana kwamba hiyo nayo ni sare.

Baba alijenga, taratibu, bati kwa bati, juu zaidi ya barabara ambako maji hayafiki. Mama na wadogo zangu walirudi Kilibula. Lakini wakati huo mimi nilikuwa nimeshapelekwa Bukavu, shule ya kulala, na likizoni nilipokuja nilimkumbusha Baba ahadi yake: tuko wote, bati ni moja, chonga basi. "Bado," alisema. "Kulala si kukaa." Baada ya masomo nikapata kazi Kalemie, upande wa chini wa ziwa hili hili, ninafundisha hesabu shule ya sekondari, na ninakwenda nyumbani meli na mishahara ikikubaliana, ambayo si mara nyingi. Yule mchanga wa mgongoni naye amekua, yuko kwake. Siku ile ambayo sisi sote tungekaa haikufika, kila mara alikosekana mmoja, na mara nyingi aliyekosekana ni mimi. Seti yetu ina vipande vinne mpaka leo.

Siku hizi ninaweza kucheza sataranji kamili kwenye simu, vipande vyote, na watu nisiowajua wa nchi nisizozijua. Mchezo ukifikia mnara kwa farasi wengi wao huomba sare papo hapo, wanabonyeza, wanatoweka. Wana haki, vitabu vinasema ni sare. Mimi huwa nabaki nikiangalia kioo, na nyumba yangu ya Kalemie iko kimya, na ninapika maharage yangu kwa jiko la umeme linaloyaivisha kabla hujapata mtu wa kuzungumza naye. Zamani nilikuwa na njaa kila jioni na mtu mbele yangu. Leo nimeshiba.

Jumapili bado tunapigiana. Mikono ya Baba haishiki tezo tena, na kumbukumbu yake imeanza kuvuja, ndogo ndogo, mahali ambapo hakuna lami ya kuziba. Jumapili iliyopita nilimsikia Mama nyuma yake akimwelekeza jina la mjukuu. Tulikuwa katikati ya mchezo. Nilikuwa nimezubaa, farasi wangu amekwenda ukingoni, mbali, na mwaka juzi tu Baba angemkamata akitafuna muwa. Nikasikia anapumua, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeona haya: "Nabi, nimesahau. Farasi yako iko wapi?"

Niliangalia ubao. Niliangalia dirishani, ziwa lile lile, upande wake mwingine.

"Iko karibu na mfalme yake, Papa."

"Aya," alisema, na nilisikia amefarijika. "Basi sitaikamata. Sare?"

Jiko langu lilikuwa baridi, sikuwa nimepandisha kitu tangu asubuhi.

"Bado, Papa," nikamwambia. "Sufuria iko motoni. Tuendelee."